Mkunga Ambaye Hakuwahi Kuzaliwa

Nchi yetu haina matatizo. Nalisema hili mwanzoni kabisa lisije likasahaulika, maana huko mbele kuna mambo ambayo msomaji asiye na nia njema anaweza kuyaelewa vibaya. Mimi naitwa Mihayo. Kwa miaka ishirini na mitatu nilikuwa msomaji wa matangazo ya vifo wa Redio ya Taifa, kila siku saa kumi na moja jioni, na katika miaka yote hiyo sauti yangu haikutetereka hata mara moja. Nilisoma vifo vya mafuriko bila kukohoa. Nilisoma vifo vya ile ghasia ambayo haikutokea, majina mia moja na sita, nikamaliza, nikanywa maji, nikaenda nyumbani. Sura yangu hakuna aliyeijua, lakini nikisema tu habari za saa hizi pale sokoni, wauza nyanya walishika vifua na kuuliza ni nani tena.

Wageni hawaijui desturi yetu, kwa hiyo naieleza. Kwetu msiba ambao haujasomwa redioni haujatokea. Zamani watu walisafiri siku mbili kwenda kuzika, wakifika wanamkuta marehemu amekaa barazani anamenya viazi, basi serikali ikaona heri pawe na mahali pamoja pa kufia. Siku hizi hata umpigie simu ndugu yako wa tumbo moja umwambie baba hatunaye, atakupa pole, kisha atasema tusubiri saa kumi na moja tusikie. Asiyesomwa huzikwa na majirani wawili na jembe la kuazima.

*

Mambo yenyewe yalianzia mezani. Mtukufu Rais alialikwa ng'ambo kwenye karamu ya wakubwa, na mbele ya kila sahani palikuwa na kijikadi. Kwenye kila kijikadi, kabla ya jina la mtu, palikuwa na neno: huyu Baroni, yule Dyuki, yule mama Ledi. Kijikadi cha Rais wetu kilikuwa na jina lake tu, tena limekosewa. Walioandamana naye wanasema hakugusa chakula. Wakati wa kurudi, pale uwanja wa ndege, alinunua kitabu cha shule cha kujifunzia Kiingereza, ambacho sura yake ya kumi na nne ilikusanya maneno ya kuelezea watu wa ukoo bora na madaraja yao. Alikisoma njia nzima, na alipotua, kabla hata ya gwaride, akaunda Wizara ya Nasaba na Madaraja. Ghorofa saba, lifti moja. Waziri wake akawa Mheshimiwa Bulugu Kalimanzila.

Kamati ya maprofesa kumi na wawili iliketi miezi tisa juu ya sura ile. Shida ilikuwa moja tu: ukurasa ulioeleza neno lipi liko juu ya lipi ulikuwa umechanika, na hakuna aliyethubutu kumuuliza Rais aliufanyia nini. Baada ya majadiliano mazito kamati ikaamua kwamba neno refu ndilo kubwa, kwani mtu mkubwa hawezi kubebwa na neno dogo. Basi Dyuki na Eli, kwa kuwa ni vijineno vya kumaliza kwa pumzi moja, wakapewa madereva na walinzi. Mpaka leo ukienda wizara yoyote utafunguliwa geti na Dyuki. Wake za wakubwa walipogawiwa neno Demu walisusa, likafutwa kimyakimya. Rais alichukua Aristokrati. Mheshimiwa Kalimanzila, aliyekuja kikaoni na rula, alipima sura nzima mstari kwa mstari, akajichukulia neno refu kuliko yote, ambalo kitabu kililiweka pale chini kabisa ya orodha. Kuanzia siku hiyo akaitwa Mheshimiwa Andapriviliji Kalimanzila.

Mwalimu mmoja wa sekondari aliandika barua ya heshima kubwa kueleza kwamba neno hilo, kwa wenye lugha yao, ni la mtu wa hali ya chini aliyenyimwa nafasi maishani. Alijibiwa haraka. Alipandishwa cheo kuwa mkuu wa shule ambayo haijajengwa, katika kisiwa ambacho nacho bado kinatafutwa.

Sheria ikapita. Jina la mtu lisitajwe hadharani bila neno mbele yake: si mlangoni, si kwenye dawa za hospitali, si kaburini, na hasa, kifungu cha tisa, si redioni. Mimi nilikisoma kifungu cha tisa mara mbili, nikaona ni kizuri. Kilikuwa na nukta na mikato yote.

*

Sasa neno lenyewe mtu analipataje? Hapo ndipo kamati ilipoonyesha akili. Kitabu kilisema kwamba hawa watu wakubwa wa ng'ambo "wamezaliwa vizuri", hakikueleza zaidi. Maprofesa wakalitafakari jambo hilo wiki tatu. Wakahitimisha kwamba kumbe siri yote iko siku yenyewe ya kuzaliwa: mtu alitokaje, juu ya nini, mikononi mwa nani. Kwa hiyo kila mwombaji alete fomu iliyotiwa dole gumba na mkunga aliyempokea. Asiye na mkunga, asiwe na neno.

Wakubwa wetu karibu wote wanatoka Bonde la Isenga, kwa sababu Rais anatoka Bonde la Isenga. Na Isenga nzima ilikuwa na mkunga mmoja. Huyo alikuwa mama yangu, Bi Nyamizi.

Mama alikuwa mfupi, na viganja vipana, na hakuwa mtu wa maneno mengi. Ujanani alisoma miezi minne kwenye darasa la watu wazima, akatoka anajua kuandika namba, majina, na maneno mawili. Hayo mawili yalimtosha maisha yote. Alikuwa na madaftari manne ya jalada la bluu, amepiga mistari kwa kijiti: siku, jina la mama, wa kike au wa kiume, na mwisho kabisa safu ya hali. Kwenye safu ya hali aliandika moja kati ya maneno yake mawili. Mtoto akitoka akalia, aliandika: Kalia. Asipolia, aliandika: Hakulia, akafunga daftari, akaenda kukaa na mama wa mtoto mpaka jua liwake. Watoto elfu nne na kumi na wawili, na hakuna hata mmoja aliyepewa neno la tatu.

Magari yakaanza kuja Isenga. Yalipanga foleni toka kisimani mpaka kanisani. Maofisa wenye suti wakaketi kwenye vigoda vyetu, wakamwomba mama awaeleze, katika hawa walioandikwa Kalia, ni wepi walizaliwa vizuri zaidi. Mama alifikiri, maana alikuwa mtu wa kujibu anachoulizwa. Akasema wengine walilia kwa nguvu zaidi. Ofisa akaandika. Wiki iliyofuata kanuni zikarekebishwa, ikawa ukubwa wa kilio nao unahesabika, na naibu waziri mmoja alitoka pale nyumbani akitembea kwa madaha kwa sababu aliambiwa alilia mpaka mbuzi wakakata kamba.

Mama hakuwaonea hasira. Alitia dole gumba fomu mia mbili na zaidi. Nilimuuliza haoni uchovu, akasema kama neno litawapa usingizi wapewe, hata nyumbani watoto wakililia kitu cha ajabu huwa tunawapa. Akanitilia na mimi. Hivyo ndivyo nilivyokuwa Skwaya Mihayo, kwani msomaji wa redio bila neno angekuwa anavunja sheria kwa kujitambulisha tu.

Siku hiyo ndipo aliponionyesha mstari wangu. Katika madaftari yote manne ni mmoja tu uliokatwa kwa kalamu, na ni wangu. Alikuwa peke yake nyumbani, akanipokea mwenyewe, mtoto wake mwenyewe, nami nikatoka kimya. Akangoja. Akavuta daftari akaandika, kwa mkono uleule wenye damu: Hakulia. Halafu, anasema, hakujua afanye nini na mikono yake, basi akaendelea tu kunisugua kifua kwa dole gumba, bila matumaini, kama mtu anayefuta meza. Nikalia. Akakata neno la kwanza, akaandika la pili juu yake. Nilimuuliza kwa nini hakuchana ukurasa akaandika upya vizuri. Akasema kwa sababu yote mawili yalitokea.

*

Mheshimiwa Andapriviliji Kalimanzila alikuja mwenyewe, wa mwisho. Fomu yake ilikuwa imeshajazwa kwa mashine, kilichobaki ni dole tu. Ilisema kwamba yeye alizaliwa kitandani, juu ya shuka mbili, chini ya chandarua, na Ledi Kabula, aliyekuwa katika afya njema na furaha tele. Mama alinitaka nimsomee. Nikasoma. Akaitisha daftari la pili, akaweka kidole kwenye mstari, akasema Bulugu alizaliwa kwenye matuta ya viazi, chini ya jua, juu ya kanga ya mama yake, na mama yake alikufa palepale. Kalia, lakini. Alilia vizuri.

Waziri akacheka kidogo, akatueleza kwa upole mkubwa kwamba Taifa haliwezi kuzaliwa upya ikiwa waziri wake alizaliwa shambani. Mama akasema hilo la Taifa halijui, hakulipokea yeye. Akakirudisha kidau cha wino.

Baada ya siku tatu likaja lori. Walisema madaftari ni mali ya umma na yanahitaji kuhifadhiwa dhidi ya mchwa. Yakapelekwa Jumba la Makumbusho mjini, yakawekwa ndani ya kioo. Mama alisimama mlangoni akilitazama lori mpaka vumbi likatulia, akarudi ndani, akaanza kupanga upya vyombo ambavyo vilikuwa vimepangwa. Jioni mke wa jirani alishikwa na uchungu. Mama alimpokea mtoto, wa kike, kalia, na alipomaliza akabaki ameshika kalamu, hana pa kuandika. Akauandika mstari wake ukutani kwa mkaa. Huyo ndiye alikuwa wa mwisho.

Masika yale akaanza kuumwa. Sikuambiwa ni ugonjwa gani, kwa sababu hospitali haikuweza kumwandikia cheti bila neno mbele ya jina lake, na ndipo tulipogundua kwamba katika kuwapa watu wote maneno, hakuna aliyekumbuka kwamba yeye mwenyewe hana.

Sikuona haraka. Nilidhani ni suala la fomu moja. Lakini siku moja adhuhuri, nimekuja na machungwa, akanishika mkono akasema, "Mihayo, nikifa unisome. Mimi sina haja ya neno lao. Ila wale watoto wametawanyika nchi nzima, na bila redio hawatajua. Nataka wajue tu kwamba yule aliyewapokea ameondoka."

Nikamwambia asijali, mimi ndiye ninayesoma. Nilisema kwa sauti ya redioni, ile isiyotetereka. Akanipiga kofi la mapenzi mkononi, akaomba chungwa.

*

Wizarani, ghorofa ya nne, nilipokewa na karani mpole sana, Baroni wa daraja la tatu. Aliniuliza aliyempokea mama yangu ni nani. Nikasema bibi yake mzaa mama, alikuwa mkunga pia. Akaomba dole gumba la bibi. Nikasema bibi alifariki miaka sitini iliyopita. Akaangalia faili, akafungua faili la pili, akavua miwani, na nakumbuka kwamba alisikitika kwa dhati.

"Skwaya Mihayo," akasema, "kwa mujibu wa kumbukumbu zetu, huyu mama bado hajazaliwa."

Nikamuuliza, sasa wale elfu nne na kumi na wawili walipokewa na nani? Akanijibu kwamba hilo ni la idara nyingine, ghorofa ya sita, na lifti ni mbovu. Nikapanda kwa miguu. Ghorofa ya sita wakaniambia kwamba mtu ambaye hajazaliwa hana kizuizi chochote cha kisheria, anaweza kuzaliwa wakati wowote, ila siku hiyo aje na mkunga. Nilikasirika. Nasema wazi kwamba nilikasirika, nikapiga teke ndoo ya takataka, halafu nikaiokota na kuisimamisha, kwani ni mali ya serikali.

Waziri ndiye aliyebaki. Alikubali kuniona kwa dakika tano, akazitumia nne kuniambia jinsi anavyomheshimu mama. Akasema yeye ana mamlaka ya kumtangaza mtu amezaliwa, kifungu kipo. Angempa Ledi, neno safi. Alichohitaji ni kitu kidogo. Akafungua droo akatoa ile fomu ya kitanda na shuka mbili, na kidau cha wino wa zambarau, akavisukuma kwangu.

Nilivipeleka Isenga. Sijivunii. Nilikaa kando ya kitanda cha mama, nikamweleza kwamba ni alama ya dole tu, kwamba ameshatia mia mbili, kwamba Kabula mwenyewe amekufa miaka hamsini na kitu iliyopita na hawezi kuumia kwa kulazwa kwenye shuka. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa amekonda mpaka viganja vyake vilionekana vya mtu mwingine.

"Kabula alifia juu ya magoti yangu," akasema. "Damu haikukoma, na mimi sikuwa na la kufanya. Hakuuliza habari yake mwenyewe. Aliniuliza neno moja tu, kalia? Nikamwambia, kalia. Akafumba macho. Sasa leo nikimweka kitandani, mwenye afya na furaha, yule aliyeniuliza pale shambani ni nani?"

Nikaisukuma ile fomu chini ya godoro. Akasema nenda ukamwambie Bulugu hilo, maana hajawahi kuambiwa, na ni haki yake.

Nikarudi mjini nikamwambia. Nilimwambia kwa maneno yaleyale, nimesimama mbele ya meza yake, na mara hii hakuangalia saa. Aliuliza, "Aliuliza hivyo? Neno hilo tu?" Nikasema hilo tu. Akageukia dirishani, na mimi, mjinga mimi, nikaanza kutumaini. Kisha akaweka tai yake sawa, akageuka akiwa waziri tena, akasema sheria ni msumeno na fomu bado ni ileile.

*

Mama alifariki Jumatano saa nne asubuhi. Nilikuwepo. Hakusema kitu cha kuandika kitabuni, aliuliza kama kuku wamepewa maji. Wamepewa, nikamwambia. Ndiyo hivyo tu.

Majirani walikuwa hawajaja bado. Ile fomu ilikuwa chini ya godoro, kidau kiko dirishani. Niliyofanya nayasema kama yalivyokuwa. Nilifungua kidau. Nilichukua dole gumba la mama, lilikuwa bado lina joto, nikalichovya kwenye wino. Nikaitandaza fomu juu ya kigoda. Ilikuwa kazi ya sekunde moja, na saa kumi na moja jioni nchi nzima ingesikia Ledi Nyamizi, na wangekuja, na yeye asingejua kamwe. Nikalishika lile dole juu ya karatasi. Ndilo lile lililonisugua kifua asubuhi ile ambayo hakukuwa na matumaini. Liliniganda mkononi, sikuweza kulishusha. Nikaanza kulifuta kwa shati langu, na wino wa serikali, jamani, haufutiki.

Wanawake waliomwosha nao walishindwa. Walisugua kwa limau na kwa majivu. Mmoja alinong'ona kwamba Bi Nyamizi ametoka kupiga kura, na wenzake wakashangaa, kwa kuwa kwetu kura tuliacha zamani baada ya kuonekana matokeo ni yaleyale.

Nikaoga, nikavaa, nikapanda gari kwenda kazini.

Mkurugenzi wa redio, Fikirini, alikuwa na orodha ya siku hiyo mezani kwake. Majina kumi na tisa, yote na maneno yake. Nilimwomba aongeze la ishirini. Yeye naye ni wa Isenga, daftari la tatu, alitanguliza miguu. Alishika kichwa, akaniambia pole, akaniambia nichukue likizo, akaniambia chochote isipokuwa ndiyo. Ana watoto watano, na kila mmoja anasoma shuleni kwa fomu yenye neno lake. Nilimwelewa. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba nilimwelewa.

Saa kumi na moja taa nyekundu ikawaka. Nikasoma. Baroneti fulani wa Kilima Hewa, amefariki ghafla. Eli fulani, dereva, ameacha mjane na watoto saba. Nilisoma kumi na tisa wote kwa sauti yangu ya siku zote, bila kukosea neno, na nilipomaliza saa ya ukutani ilionyesha imebaki dakika moja na sekunde kumi kabla ya taarifa ya habari. Kwa kawaida hapo tunaweka zumari. Fundi mitambo alikuwa ameshanyoosha mkono kwenye swichi. Akanitazama usoni kupitia kioo, akaurudisha mkono wake mapajani.

Nilikusudia kulitaja jina. Nilifungua kinywa kwa kusudi hilo, na niko tayari kuapa mahakamani. Jina halikutoka. Kilichotoka ni kilio. Kilitoka chini huko, kwa sauti ambayo sikujua ninayo, na sikuweza kukizuia wala kukipunguza. Nililia dakika moja na sekunde kumi, hewani, nchi nzima, mabondeni, sokoni, kambini, kwenye vioski, kwenye magari ya mawaziri. Kisha taarifa ya habari ikaanza, ikasema hali ni shwari.

*

Kifungu cha tisa hakikuvunjwa. Wanasheria walirudia kusikiliza kanda ile mara nyingi, na hawakukuta jina lolote lililotajwa bila neno. Lakini watu wa nchi yetu walikuwa wamenisikiliza miaka ishirini na mitatu. Wakatazamana. Baadaye niliambiwa kwamba nyumba nyingi zilisema jambo moja: Mihayo kalia, basi huyo ni mama yake. Na mama yake Mihayo ni nani, kila mtu alijua.

Asubuhi walianza kufika. Waliacha magari barabarani wakaja kwa miguu, wazee, wajawazito, madereva wa serikali wakiwa na sare, wanawake wenye wazee wao mgongoni. Hakuna aliyejitambulisha kwa neno. Wakifika kwenye jeneza walisema siku waliyozaliwa, au jina la mama yao, basi, wakapisha mwingine. Fikirini alikuja amejifunga kanga ya mkewe usoni ili asijulikane, na kila mtu akamwambia pole Fikirini. Tulizika saa tisa alasiri. Kaburini hatukuandika kitu, kwa sababu ya kifungu kile. Mtu mmoja aliweka kalamu.

Mheshimiwa Andapriviliji Kalimanzila hakuhudhuria mazishi. Gari lake lilikuwepo ng'ambo ya mto, kando ya yale matuta ya viazi, vioo vimepandishwa, na halikuondoka mpaka sote tulipotawanyika. Mimi sikwenda kuuliza. Gari linaweza kuharibika popote.

Barua yangu ya kuachishwa kazi ilikuja baada ya siku kumi. Ni fomu fupi, yenye mihuri mitatu. Jina la mtumishi, wameandika Mihayo, na lile neno langu wamelikata kwa kalamu, kwa vile nimelipoteza. Tarehe ya kosa, wameandika. Chini yake ipo nafasi ya aina ya kosa, nayo ni ndogo sana, haitoshi maelezo, kwa hiyo karani aliandika neno moja tu, kwa mkono, kwa herufi nzuri: Kalia.

Nimeibandika ukutani pale Isenga, karibu na lile neno la mkaa la mtoto wa mwisho. Sina malalamiko. Katika vyeti vyote ambavyo serikali yangu imewahi kunipa, hicho ndicho pekee ambacho mama angekitia dole bila kuuliza.